Tom Malanga na Kimya Chenye Mshindo

Muulize mtu yeyote aliyekulia kati ya Likoni na Lunga Lunga akutajie wanamuziki wa bendi ya Les Wanyika. Ataanza na John Ngereza na ile sauti yake ya kubembeleza, atafuatisha Omar Shabani, "Profesa", na gitaa lake la ridhimu, na akiwa mjuzi atamwongeza Issa Juma. Hapo atasita. Sasa mwambie akuimbie wimbo wao "Sina Makosa" bila maneno. Wengi hawaanzi na sauti ya mwimbaji wala na gitaa. Wanaanza na besi, kwa midomo, bega likiitikia. Besi ile wanaijua noti kwa noti. Aliyeipiga ndiye wasiyemjua.

Anaitwa Tom Malanga. Kwa hesabu yangu ni miongoni mwa wapiga besi bora waliowahi kurekodi Afrika Mashariki, na lau sifa zingegawanywa kwa haki, jina lake lingetajwa sambamba na majina ya waimbaji. Kinachomponza ni kazi yenyewe. Mwimbaji anasimama mbele, mpiga solo anajimwaga pale wimbo unapopamba moto, lakini mpiga besi akifanya kazi yake sawasawa hakuna anayegeuka kumtazama. Msikilizaji anadhani ameupenda wimbo, kumbe ameipenda besi.

Muziki wa akina Malanga una mizizi Tanga, na Tanga kwa mtu wa Kwale si ughaibuni. Ukitoka huko kwenda Mombasa kwa barabara ya pwani unavuka Horohoro, unaingia Lunga Lunga, unapita Msambweni na Ukunda, kisha unangoja feri Likoni. Wadigo wanaishi pande zote mbili za mpaka, na ngoma zao, harusi zao na santuri zao hazikuwahi kuomba pasipoti. Tanga ndiko Black Star Musical Club walikoingiza gitaa la umeme na besi katika taarabu miaka ya 1960, wakawafanya watu waliozoea kuisikiliza wameketi wainuke wacheze. Tanga pia ndiko ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walikoanzia muziki katika Jamhuri Jazz mwaka 1966. Mwaka 1970 wakahamia Arusha wakaunda Arusha Jazz, mwaka uliofuata wakaingia Kenya na kupiga kambi Mombasa, na hatimaye wakajulikana kwa jina la Simba Wanyika. Katikati ya miaka ya 1970 wakaelekea Nairobi, ziliko studio na kampuni za santuri.

Mwishoni mwa mwaka 1978 bendi hiyo ilipasuka. Waliojitoa na kuunda Les Wanyika ni Omar Shabani wa ridhimu, Rashid Juma wa drams na Tom Malanga wa besi, pamoja na Issa Juma. Ngereza, Mtanzania mwenzao aliyekuwa akipiga na bendi nyingine hapa Kenya, alijiunga nao muda mfupi baadaye. Hebu yatazame majina hayo matatu ya mwanzo: ridhimu, drams, besi. Ni watu wa mdundo. Bendi nyingi huzaliwa pale mwimbaji mwenye jina anapogombana na tajiri wake akaondoka na wafuasi wake. Hii ilisimama juu ya wale ambao kwa kawaida hukaa nyuma jukwaani, na ndiyo maana nyimbo zake zinasikika vile zinavyosikika. Walifanya mazoezi kwa miezi kadhaa huku wakitafuta pa kupigia, hadi wakapata nafasi Garden Square jijini Nairobi. Haukupita muda mrefu "Sina Makosa" ukatoka, na Afrika Mashariki nzima ikawa imewajua.

Usikilize tena wimbo huo, safari hii usiwafuate waimbaji. Gitaa la Shabani linazungusha kifungu kifupi bila kupumzika. Drams za Rashid Juma ni nyepesi, hazishindani na mtu. Katikati pamebaki nafasi pana, na humo ndimo besi inamoishi. Malanga haijazi. Anaweka noti chache, fupi, zilizokatwa kwa usafi, kisha anaacha. Gitaa linapita peke yake kwenye lile pengo, na wewe unayesikiliza ndiye unayeliziba, kwa kichwa, kwa bega, au kwa kisigino kinachogonga sakafu bila idhini yako. Akirudi, harudi lazima pale ulipomtazamia. Anatangulia kidogo au anachelewa kidogo, anapanda juu hadi karibu na eneo la gitaa, anateremka na kutua palepale mwimbaji anapotaka kuvuta pumzi. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Sidhani kama walikuwa na gitaa la besi akilini, lakini sijui namna bora ya kuieleza besi ya "Sina Makosa".

Ili kuuona upekee huo, iweke besi hiyo kando ya muziki mwingine uliokuwa ukivuma wakati uleule. Katika benga ya Waluo, besi huwa na pupa. Inakimbizana na gitaa la solo, inagonga kwa nguvu, inamsukuma mchezaji mgongoni. Katika rumba ya Wakongo waliojaa Nairobi miaka ile, besi ilikuwa nzito na tulivu, imejiweka chini kabisa kubeba magitaa matatu na tarumbeta juu yake. Malanga alipita katikati. Alichukua utulivu wa rumba na ukali kidogo wa benga, kisha akaongeza jambo ambalo hapa pwani tunalijua kwa damu: kuongea na kunyamaza kwa zamu.

Jambo hilo liko katika ngoma zetu. Kwenye sengenya ya Wadigo, chapuo yenye sauti nyembamba ndiyo inayosema sana. Ngoma ya vumi, yenye sauti nzito, husema kwa nafasi, na likidunda mara moja inatosha. Mchezaji mzoefu humsikiliza mpigaji wa vumi kabla hajageuza mwili, ingawa ukimuuliza atakuambia anafuata zumari. Chakacha nayo ina fumbo lake. Mdundo wake ni wa mapigo sita, na mapigo sita yanahesabika kwa njia mbili: matatu mara mbili, au mawili mara tatu. Kiuno cha mchezaji kinafuata hesabu moja, makofi ya waimbaji yanafuata nyingine. Besi ikiingia katika chakacha lazima ichague upande, na ikishachagua iwe na adabu ya kuuachia upande wa pili wenyewe. Mtu aliyelelewa na ngoma za namna hii akishika gitaa la besi haoni ajabu kuacha nafasi. Anajua kuna mwenzake anayeihitaji.

Tuje kwenye sauti yenyewe, maana noti zilezile mikononi mwa mtu mwingine zingekuwa kitu kingine. Uzi mnene kuliko wote wa gitaa la besi la nyuzi nne hutetema kama mara 41 kwa sekunde ukipigwa wazi. Spika ya redio ndogo ya betri haiwezi kuutoa mtetemo huo, kwa sababu haina ukubwa wa kusukuma hewa kiasi hicho. Na wengi wetu Les Wanyika tuliwasikia kwa redio hizohizo, zilizotundikwa dukani au kuwekwa barazani, wala besi hatukuikosa. Ilikujaje?

Siri ni kwamba noti moja haiji peke yake. Juu ya ule mtetemo wa 41 kuna mingine inayofuatana nao, wa takriban 82, wa 124, wa 165, na kuendelea. Hiyo spika ndogo inaimudu zaidi kadiri inavyopanda, na ubongo wa msikilizaji ukiipata imejipanga sawasawa unajazia wenyewe ile ya chini ambayo haikutoka. Besi yenye uzito wa chini peke yake, ile ya kutetemesha vioo vya matatu, kwenye redio ndogo hupotea kabisa. Besi yenye mwili katikati, yenye ncha kidogo mwanzoni mwa noti, hupenya. Ya Malanga hupenya. Ni ya mviringo lakini ina ukingo, ina joto lakini haina ukungu, na kila noti unaweza kuionyesha kwa kidole. Ndiyo maana watu wanaiimba kwa midomo. Besi iliyovurugika haiimbiki.

Sauti ya aina hiyo hainunuliwi dukani. Kipaza sauti kizuri na nyuzi nzuri husaidia, ila sehemu kubwa iko vidoleni. Mkono wa kulia ukipiga karibu na shingo ya gitaa, noti hutoka nono na laini. Ukisogea kuelekea kule nyuzi zinakofungwa, noti hukaza na kupata ncha. Kati ya sehemu hizo mbili kuna shibiri moja hivi, na kila mpiga besi wa maana ana mahali pake katika shibiri hiyo. Mkono wa kushoto nao una kazi ambayo mtazamaji haioni. Kidole kinabonyeza uzi, noti inatoka, kisha kidole kinalegea bila kuachana na uzi, na noti inakufa papo hapo. Kikichelewa hata kidogo, noti inaburuta mkia na kumwagikia ile inayofuata. Kikiwahi mno, noti inatoka kama kikohozi. Mwanafunzi wa besi hufunzwa jinsi ya kuipiga noti. Fundi ni yule aliyekwisha kujifunza kuizima.

Kisha kuna subira. Wimbo wa Les Wanyika ni mrefu. Ulipotoka kwenye santuri ndogo ya mizunguko 45, aghalabu ulikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande mmoja na sehemu ya pili upande wa pili. Muda wote huo mpiga besi anazunguka na kifungu kilekile. Waimbaji wanapumzika, solo inapumzika, yeye hapumziki. Hapa ndipo Malanga hunikumbusha mgema wa huku kwetu. Mgema hupanda mnazi uleule asubuhi na jioni, na kila mara hukata kipande chembamba sana pale alipokata jana. Akikata zaidi ameharibu, asipokata tembo halitoki. Besi ya Malanga hurudia namna hiyo. Mzunguko huu ameongeza noti moja mwishoni, ule ameacha ya kwanza, ule mwingine amepanda badala ya kushuka. Mabadiliko ni madogo hata usipotega sikio hutayatambua, ila yakiondolewa wimbo ungelala. Wahenga walionya pia kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Malanga hakusifiwa, na tembo lake halikuingia maji. Sikiliza "Paulina", sikiliza "Pamela", sikiliza "Kajituliza Kasuku", uone kama utapata mahali alipozembea.

Wanaojua ugumu wake ni wapigaji wa bendi za hoteli. Tangu utalii uote mizizi Diani, bendi za kando ya bwawa la kuogelea zimekuwa chuo cha muziki cha vijana wa Ukunda, Tiwi na Msambweni. Mgeni anataka "Malaika", anataka "Jambo Bwana" wa Them Mushrooms uliotoka mwaka 1982, na bendi inampa, usiku baada ya usiku. Lakini wageni wakishakwenda kulala, au bendi ikipata kazi ya harusi kwao mtaani, "Sina Makosa" lazima upigwe, na hapo ndipo mpiga besi hupimwa. Noti zenyewe kijana mwenye sikio huzikamata upesi. Kinachomshinda ni mapengo. Anayaona kama deni, basi anayalipa: anaongeza noti hapa, anateleza pale, anapiga kifungu cha haraka ili rafiki zake waone. Wimbo unakuwa na kelele nyingi na watu wanarudi kuketi. Wakongwe humwambia aondoe, aondoe tena, mpaka abaki na kile kisichoondoleka. Siku anapoelewa, huwaoni wachezaji wakimpigia makofi. Unawaona tu hawaondoki uwanjani.

Siku hizi hata chuo hicho kinafifia. Mahoteli na mabaa mengi yanamlipa mtu mmoja mwenye gitaa, au mwenye kinanda chenye drams na besi zilizopangwa tayari ndani yake. Simlaumu mwenye baa, kwani mishahara ya watu sita si mchezo. Lakini besi ya kinanda haimsikilizi mtu. Mwimbaji akichelewa kuingia haimngoji, wachezaji wakichangamka haijui, na kila mzunguko ni sawa na uliopita hadi mwisho wa dunia. Anayetaka kujua mpiga besi hufanya nini, asikilize nusu saa ya muziki usiokuwa naye.

Kutotajwa si msiba wa Afrika Mashariki peke yake. Kule Detroit, Marekani, James Jamerson alipiga besi kwenye nyimbo nyingi zilizoipatia kampuni ya santuri ya Motown utajiri wake katika miaka ya 1960. Alitumia kidole kimoja tu cha mkono wa kulia, cha shahada, na nyuzi za besi yake hakupenda kuzibadilisha. Dunia ilicheza kwa kidole hicho miaka mingi bila kulijua jina la mwenyewe, kwa sababu Motown haikuwa na desturi ya kuwaandika wapigaji. Jina lake lilichapishwa kwenye jalada la "What's Going On" ya Marvin Gaye, mwaka 1971. Alifariki mwaka 1983, na heshima ya Rock and Roll Hall of Fame ikamfikia mwaka 2000, hayupo tena kuipokea. Wamarekani walichelewa, ila walifika. Leo kijana wa huko akijifunza besi, Jamerson ni somo lake la mwanzo.

Sisi tumefika wapi? Ichukue santuri ya Nairobi ya wakati ule uisome kibandiko chake. Utakuta jina la wimbo, jina la bendi, jina la mtunzi, nambari ya kampuni. Mpiga besi hayumo. Kanda za kaseti zilipokuja zikanakiliwa na kuuzwa kila stendi, hata jina la mtunzi likapotea. Leo wimbo ukiutafuta kwenye simu unaona picha na jina la bendi, basi. Nalo hili si suala la heshima tu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamtambua mpigaji kuwa mwenye haki yake, mbali na haki ya mtunzi, na PRISK ni chama kilichoundwa kukusanya malipo ya wapigaji na waigizaji. Lakini malipo hufuata majina. Ambaye hakuandikwa popote kwamba alipiga, atathibitisha kwa ushahidi gani kwamba vidole vile ni vyake?

Wapo watakaosema namkuza mno, kwamba wimbo ulibebwa na sauti za Issa Juma na Ngereza, na kwamba Shabani ndiye aliyekuwa roho ya bendi. Sibishani nao kuhusu Shabani. Gitaa lake na besi ya Malanga ni mazungumzo ya watu wawili, huwezi kumsifu mmoja ukamwacha mwingine, na ndiyo hoja yangu hasa: tumemsifu mmoja. Kuhusu sauti, waimbaji wazuri Afrika Mashariki haijawahi kuwakosa. Nyimbo zilizoimbwa vizuri na kusahaulika ni nyingi kuliko tunavyoweza kuzihesabu. Huu haukusahaulika, zaidi ya miaka 40 baadaye bado unaponya harusi iliyopoa, na ukiuondolea besi hautaponya kitu.

Kwa hiyo nina maombi. Wewe kijana wa Ukunda au Kinango unayejifunza besi kwa video za simu, mwanangu, kabla ya kutafuta mafundi wa mbali anza na huyu. Ucheze wimbo wake pole pole, uhesabu pale asipopiga, na usihamie wimbo mwingine hadi uweze kunyamaza kama yeye. Nanyi wenye bendi mnaorekodi leo, andikeni majina ya wote waliogusa chombo, kwa kuwa kuandika ni bure na kesho ni ushahidi. Na wewe mtangazaji wa redio, ambaye jioni hii au kesho utaucheza tena "Sina Makosa" kwa sababu wasikilizaji hawakuachi, ukishawataja waimbaji ongeza maneno matatu tu: besi, Tom Malanga.